Siku Tuliyovunja Ukuta wa Mzee Yonasi

Leah, niongezee mto mgongoni nikae vizuri, maana maneno ya leo sitaki kuyasema nikiwa nimelala chali kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Hezron, mwanangu wa kwanza, vuta kigoda uje upande huu wa sikio langu zima. Danieli, usisimame mlangoni kama mgeni, keti hapo chini karibu na dada yako. Na wewe shemeji Jairo, mkubwa pekee uliyebaki katika ukoo wetu, ahsante kwa kukubali kutembea na fimbo yako mpaka chumbani kwangu, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanakuhusu, na jambo la mtu husemwa mbele yake. Mimi Tabita Namwinga, binti wa Msangano, mjane wa Danford, sina homa ya kunipotosha akili asubuhi hii. Kifua ndicho kinachonisumbua, na pumzi zangu najua zinakwisha, kwa hiyo nisikilizeni wanangu, nisikilizeni mpaka mwisho, na atakayetaka kulia na alie nikishamaliza.

Kamba yenu niliisikia. Juma lililopita, Hezron na Danieli, mlipima sebule kubwa kwa kamba, mkinong'ona kwamba patainuliwa ukuta katikati, upande wa barabarani uwe wa mkubwa, upande wa uani uwe wa mdogo anayetaka kuoa, na Leah na wanawe watatu watafutiwe pa kulala huko nyuma karibu na jiko. Sikuwaita, sikuwagombeza. Nilisema moyoni, hawa wameizoea nyumba hii ikiwa na mwanga, hawajui ilikotoka. Basi kwanza nitawaambia ilikotoka, halafu nitawaambia inakokwenda.

Nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya watu. Aliijenga mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, watu walimwita Bwana Kasamu, kabla ya vita vya Mjerumani, wakati Tunduma ilikuwa njia panda ya wapagazi tu, na akaijenga kwa mawe na udongo, kuta zenye unene wa dhiraa nzima na shibiri juu yake. Mbele palikuwa duka, nyuma stoo sita zimefuatana kama meno, za kuwekea pembe, ngozi na mpira wa porini, na stoo haihitaji dirisha, inahitaji kufuli. Juu kabisa ya kila chumba palikuwa na tundu moja la kupitisha ngumi, basi. Babu yenu Mzee Yonasi alikuwa mpagazi wa Bwana Kasamu, kisha mlinzi wake, na vita vilipofika mpakani tajiri akakimbilia pwani, akamwachia funguo. Risasi zilipoanza kupita barabarani, Mzee Yonasi aliwafungia humu ndani watu thelathini na wawili, wengi wao wanawake na watoto, siku tano wakitafuna mahindi makavu, na hakuna hata mmoja aliyepata jeraha. Bwana Kasamu hakurudi tena. Miaka michache baada ya vita alimtuma mpwa wake na barua, kwamba nyumba ni ya Yonasi kwa uaminifu wake, na bwana shauri wa serikali akaigonga muhuri.

Kwa hiyo msimcheke babu yenu kwa neno alilolisema alipokuwa anakufa. Ilikuwa mwaka wa ishirini na tisa, mimi nikiwa na mimba yako, Hezron. Aliwaita wanawe wawili, Jairo na baba yenu Danford, akawashika mikono, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni na bakuli la uji wake. Akawaambia, "Kuta hizi ziliniweka hai. Msitoe hata jiwe moja." Wakaapa wote wawili. Baada ya hapo hakusema tena.

Babu yenu aliona kuta hizi zikizuia mauti, na mtu hulipenda lile lililomwokoa. Lakini kilichomwokoa mtu siku tano za vita si lazima kimfae mtu miaka hamsini ya amani, na hilo mimi nilijifunza kwa machozi.

Nilikotoka, Msangano, nyumba ni ya udongo na nyasi, unaingia kulala tu, maisha yako yote yako nje uwanjani, kwenye jua na upepo. Hapa mjini barabara iko mlangoni na malori yanapita, uwanja wa kuishi haupo, kwa hiyo tuliishi ndani ya stoo. Nilikuwa natafuta sindano kwa taa saa sita mchana. Sakafu ilikuwa ya udongo, tena chini kuliko barabara, na masika maji yalipenya chini ya mlango yakalala nasi. Jiko lilikuwa kibanda kule uani, na mvua ikinyesha nilipika humu humu, moshi usijue pa kutokea, mpaka dari ikawa nyeusi inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Baba yenu alishonea dukani mbele, kwenye mwanga wa mlango, hivyo yeye giza hakulijua kama nilivyolijua mimi.

Mlikuwa watatu. Hezron, wewe, na Leah, na mpaka masika ya mwaka wa thelathini na sita alikuwapo pia Marta, miaka minne, mtoto wa kuimba imba, ambaye Leah unasema unamkumbuka kidogo na mimi namkumbuka kila siku. Alianza kukohoa mwezi wa kwanza. Mwezi wa tatu nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni kule Mwenzo, ng'ambo ya mpaka, na mganga msaidizi wa pale, mwenyeji kama sisi, akampa dawa, akampa tena, na kila tukirudi nyumbani kikohozi kilimrudia. Safari ya tatu alikuja na baiskeli yake mpaka hapa kumwona. Aliingia chumbani, akasimama gizani, akagusa ukuta, mkono wake ukatoka na unyevu. Akaniambia, "Mama, mtoto nimempa dawa. Nyumba yako nitaipa dawa gani?"

Marta alikufa siku ya nane baada ya hapo. Tulimzika kanisani, na niliporudi nikakaa kwenye sakafu ile nikazitazama zile kuta nne, zilivyo imara, zilivyo nene, hazina hata ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa natafuta ufa wowote, hata mmoja wa kuingiza kidole, nisiuone.

Nilimwambia baba yenu kwamba nataka madirisha. Aliendelea kushona. Siku ya pili nikamwambia tena, akasema neno la baba ni kiapo, na yeye ni mdogo, twende kwa mkubwa. Ndipo tukaenda kwako, shemeji Jairo, Jumapili baada ya ibada, na ulikuwa umewaita wazee watano wa ukoo, wameketi. Mwanamke kusema mbele ya kikao kile haikuwa desturi, lakini kikohozi cha Marta nilikuwa bado nakisikia masikioni, na aibu haikunipata. Sina haja ya kurudia yote. Nitarudia yale mawili, wewe ulisema lako na mimi nikasema langu. Nilikuuliza, "Shemeji, baba alitaka kuta hizi zimlinde nani?" Ukajibu, "Watoto wake, na watoto wa watoto wake." Nikasema, "Basi kuta zimesimama zote, na mtoto yuko kaburini. Nani amevunja neno la baba?"

Wewe uliinuka, ukaniambia kwa sauti ya chini kabisa, na sauti ya chini ndiyo iliyonitisha, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba siku jiwe la kwanza litakapotoka, wewe si mtu wa nyumba ile tena. Ukaingia ndani ukafunga mlango.

Njiani kurudi baba yenu alitembea mbele yangu bila kugeuka, tukapita mto, tukapita mashamba ya ulezi, na tulipoliona bati la nyumba hii ndipo aliposimama. Akasema, "Sikukatazi, Tabita. Lakini sitashika nyundo. Mimi niliapa." Nikamjibu, "Mimi sikuapa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli."

Nilimwona anataka kucheka akajizuia.

Baba yangu alinipa ndama wawili siku ya ndoa yangu, wakakaa kule Msangano wakazaa, wakawa kundi dogo. Niliwatoa wote isipokuwa mmoja. Wakawa chokaa iliyochomwa Songwe, wakawa mbao za mninga, wakawa saruji na vioo vilivyotoka ng'ambo vikiwa vimefungwa kwenye majani makavu, na wakawa mikono ya fundi Sadoki. Huyo Sadoki alikuwa Mnyiha wa Mbozi, mwashi aliyefundishwa na wamisheni, mtu mfupi, mguu mmoja mbovu, asiyependa maneno. Alitembea siku mbili kuja hapa na nyundo, tindo, mwiko na timazi katika mfuko wa ngozi. Siku ya kwanza hakuvunja kitu. Alizunguka nyumba nzima akigonga kuta kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, kama mganga anayesikiliza kifua, kisha akanifundisha jambo ambalo sijalisahau. Alisema kuna ukuta unaobeba na kuna ukuta unaojaza nafasi, na ukizitazama kwa macho zote ni sawa, na mjinga huwa anaanza kubomoa kabla hajauliza.

Tulianza kiangazi cha mwaka wa thelathini na saba. Jiwe la kwanza nililitoa mimi mwenyewe, Sadoki akanishikia mtaimbo, na lilipoanguka uani vumbi likafuka, na nyuma yake ukaingia mwanga mwembamba wa jua, ukalala sakafuni mahali ambapo jua halikuwahi kufika tangu nyumba ijengwe. Hezron, wewe ulikuwa na miaka minane, ulinyoosha mkono ukauweka pale kwenye mwanga, ukautazama. Unakumbuka. Naona unakumbuka.

Wanawake wa kanisa walikuja kunisaidia, jifya moja haliinjiki chungu. Tulipanga mstari tukipokezana mawe mpaka uani, tukapika togwa, tukaimba. Barabarani watu walisimama kutazama, wengine wakaja na viti vyao kabisa, wakisubiri kuona Mzee Yonasi atatufanya nini. Na siku ya kumi na moja, mchana, nusura wapate walichokisubiri.

Tulikuwa tunafungua dirisha la mashariki, hili hapa linaloniangaza sasa. Sadoki alikuwa amekata nafasi, na lile gogo la mninga la kubeba mawe ya juu lilikuwa bado uani, watu wanne wakilibeba, ndipo nguzo moja ya kuegemezea ilipoteleza. Ufa ukapanda ukutani, tena kwa mlio, kama nguo inayochanwa, ukafika kwenye mapao ya paa, na bati likashuka kiasi cha shibiri. Wanawake walikimbilia nje. Huko barabarani nikasikia mtu akisema, mwacheni, mzee amekuja kudai nyumba yake. Sadoki alibaki amezuia nguzo iliyobaki kwa mgongo wake, na mimi nimesimama katikati ya chumba, mikono mitupu, sijui nikimbie au nishike nini.

Baba yenu alitoka dukani. Shati lake lilikuwa na pini za kushonea kifuani, futi ya fundi cherehani shingoni. Hakuuliza kitu. Aliingia chini ya ule ukuta, akaingiza bega pale nguzo ilipoteleza, akasukuma juu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na ukuta ukasimama. Nikamwambia atoke, atakufa, na yeye alikuwa na kiapo. Akanijibu meno yakiwa yamebana, na maneno hayo niliyaona ni mazuri kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu anioe: "Niliapa nisitoe jiwe. Sikuapa nisilibebe."

Alilibeba kwa muda wa kuingiza gogo, na kulikaza, na kulijazia chokaa. Sadoki aliposema tayari, baba yenu hakuweza kushusha mkono, ikabidi tumshushe sisi. Bega lile lilimuuma kila masika mpaka alipokufa, na kila lilipomuuma alikuwa anaufurahia uchungu wake, anawaonyesha wageni dirisha. Wale waliokuwa barabarani walibeba viti vyao wakaenda makwao. Tangu siku ile baba yenu alifunga cherehani saa tisa kila siku, akaja kuchanganya chokaa pamoja nasi.

Tulichofanya ni hiki, mkijue, msije mkadhani nyumba iliota yenyewe. Madirisha saba, mawili ya mashariki, matano ya uani. Stoo mbili za katikati tukazifanya chumba kimoja, ndiyo sebule mliyoipima kwa kamba. Sadoki aliacha nguzo mbili za mawe kwa sababu alisema ukuta ule ni wa kubeba, hauondoki wote. Sakafu tukaiinua kwa mawe na saruji mpaka ikawa juu ya barabara. Jiko tukalitoa kibandani tukalileta kwenye baraza ya nyuma, tukalijengea dohani, na siku moshi wa kwanza ulipotoka juu ya bati badala ya machoni mwangu, nilikwenda nje nikasimama ng'ambo ya barabara kuutazama, mama mzima, nikacheka peke yangu. Chumba kimoja cha wasichana, kimoja cha wavulana, kimoja chetu, na pembeni mahali pa kuogea penye mlango. Mfereji wa bati kandokando ya paa ukishusha maji ya mvua kwenye mapipa, mvua ile ile iliyokuwa inaingia kutuua sasa ikatusubiri nje tuichote. Na meza ndefu ya mninga iliyobaki, tukala wote pamoja, wanaume na wanawake, wakubwa na wadogo. Hata hilo lilisemwa mjini. Wakasema hadi wakachoka, kisha wakaanza kuja kula.

Tangu hapo sikuzika mtoto mwingine. Danieli, wewe ulizaliwa katika chumba hiki mwaka uliofuata, saa nne asubuhi, na mkunga hakuwasha taa. Watoto wa ndugu zetu wa Msangano walikaa hapa wasome shule, tukawahesabu mwaka mmoja wakafika tisa. Leah aliolewa katika sebule ile, na watu sitini waliketi. Sadoki alipata kazi njia nzima, watu wakimwambia tujengee kama kwa Mama Hezron, mpaka uzee ukamzuia. Wanangu, mimi nilishinda. Nasema bila haya, maana mtu anayekufa haoni haya ya kujisifu kwa kazi njema. Nilipewa stoo nikaacha nyumba.

Lakini ushindi nao una uchafu wake, na wangu nitauosha leo. Shemeji Jairo, nitazame.

Ulisema hutakanyaga hapa, ukatimiza, miaka saba. Na mimi katika miaka ile niliona fahari. Nilikuwa nawatuma watu wakusalimie, na waseme nyumba ina mwanga namna gani, si kwa upendo, bali ikuchome. Mwaka wa arobaini na moja mkeo Loisi alipofariki, Danford alifunga safari, akanisubiri mlangoni, na mimi nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi. Loisi alinifundisha kusuka mikeka nilipokuja ukweni, alinikanda nilipojifungua Hezron, na sikwenda kumzika kwa sababu ya madirisha. Hilo sijamwambia mtu. Mlevi wa ushindi haoni jeneza likipita.

Na wewe, ulipoanza kutapika damu mwaka wa arobaini na nne, Danford akaenda kukuleta kwa lori, hukuwa na nguvu za kukataa, tukakulaza hapa hapa nilipolala. Siku tatu hukunisemesha. Siku ya nne nilikuletea kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, ile risasi aliyoikuta Sadoki siku alipokuwa akigonga kuta, imezama kwenye uso wa ukuta wa barabarani, imebondeka kama punje ya hindi iliyotafunwa. Nilikuambia, shemeji, baba alisema kweli, ukuta huu ulizuia mauti, na upande ule wa barabarani sikuugusa. Uliigeuza geuza mkononi muda mrefu. Kisha ukasema, "Mama Hezron, lifungue hilo dirisha zaidi, jua lifike kitandani." Ukapona. Ukabaki. Mpaka leo uko nasi, na chumba chako ni chako.

Neno hilo lilikuwa msamaha wako kwangu. Mimi sikuwahi kukuomba, nilidhani uji na maziwa vinatosha. Leo naomba mbele ya wanangu. Nisamehe kwa ajili ya Loisi.

Asante. Kichwa chako kimesema, huna haja ya kuongeza.

Leah, nipe maji. Kidogo tu.

Sasa mali. Shamba la kahawa la Mbozi ni la Hezron, kwa sababu umelipalilia tangu baba yenu akiwa hai, ingawa kazi yako ni ualimu. Ng'ombe sita wa Msangano, waliozaliwa na yule mmoja niliyembakiza, ni wa Danieli, aoe nao, na asiwamalize kwa mahari, abakize, mama yake aliona faida ya kubakiza mmoja. Cherehani na duka la mbele ni vya Leah, ambaye homa ilipomchukua mumewe alirudi na kuketi kwenye kiti cha baba yake bila kusubiri kuhurumiwa.

Na nyumba. Nyumba ni yenu watatu. Watatu, Hezron, usiniinulie nyusi. Najua wanasema binti harithi nyumba. Baba yenu aliandika mwaka ule kabla hajafa, mbele ya mchungaji, akatia sahihi, na Jairo akatia kidole chake chini yake. Karatasi iko kwa mchungaji. Haigawanywi kwa kamba, haiuzwi, na Leah hatolewi humo akiwa mjane wala akiolewa.

Mnataka niseme, ukuta msijenge, jiwe msitoe. Sisemi. Ningekuwa mwizi wa neno, niliyelivunja la mkwe wangu halafu nikawafunga kwa langu. Mtakuwa na wake, na waume, na magari labda, na mambo ambayo mimi siyajui. Nyumba ni ya walio hai. Mkihitaji dirisha la nane, lifungueni. Mkihitaji kubomoa chumba hiki hiki nitakachofia, bomoeni. Ila sharti ni moja. Kabla ya nyundo kushikwa, mketi mezani wote watatu, na aseme kwanza yule anayelala humo, anayepika humo, siyo yule mwenye kamba. Nyumba yetu iliua mtoto kwa sababu waliokuwa wakiapa juu yake hawakuwa wakikaa gizani humo. Mkikubaliana watatu, ukuta na ujengwe. Mmoja akikataa, haujengwi. Hivyo tu.

Nimechoka. Kifua… subirini.

Mnizike kanisani, kwa Marta, upande wake wa kushoto, mahali nilipopaacha. Mchana. Msilie kwa siku nyingi, msimalize mahindi ya watu. Sadoki yuko hai bado kule Mbozi, mpelekeeni habari, na shuka langu zito mpelekeeni, mguu ule unamsumbua baridi. Loisi… pitieni kaburini kwake, mwambieni nimekuja, nimechelewa.

Hezron, mkono. Danieli. Leah, wewe njoo huku, juu. Shemeji, weka na wako, wewe ni baba yao sasa.

Mungu aliyenipa nguvu ya mtaimbo awape ninyi. Mikono yenu isikose kazi, vifua vyenu visikose hewa. Watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Mgeni akigonga, apate kiti. Mkikosana, msilale… msilale miaka saba.

Nani hao wanaokimbia sebuleni? Ni wanao, Leah?

Hapana. Hapana, usiende kuwanyamazisha. Keti. Waache wapige kelele… waache nisikie.